Hakimu Amepona, Tata

Baba yangu, Tata,

Mbwa wako ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu ungekuwa hai ungeniuliza habari zake kwanza, halafu za ng'ombe, halafu ndiyo zangu. Hakimu anakula, anatembea, na jana ameiba kichwa cha samaki kwa jirani. Lakini Jumamosi iliyopita nilikaribia kumuua kwa mikono yangu mwenyewe, na sioni mwingine wa kumsimulia zaidi yako.

Tangu tukuzike, Gorong'a nzima imehamia kwenye rashi. Dhahabu imeonekana huko ng'ambo ya milima, na wanaume wameondoka na sururu zao, hata wale waliokuwa wanalalamika mgongo kila msimu wa palizi. Chacha, mwanao, hakumaliza hata mwezi baada ya msiba. Nimebaki na ng'ombe sita, shangazi, na Hakimu. Watu tusiowajua wanapita hapa kila siku kwenda machimboni, na kama zizi letu bado lina kitu ndani, ni kwa sababu wanamwogopa huyo mbwa.

Unakumbuka hukuturuhusu sisi wasichana kushika hata bomba la dawa ya kupe. "Dawa hii ina wivu," ulikuwa unasema, unatufukuza zizini. Basi nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma maandishi ya kwenye chupa, na kimoyomoyo nilikuwa najisifu. Jumamosi asubuhi nilimaliza kuwapulizia ng'ombe wote, nikaona dawa imebaki kidogo chini ya bomba. Wewe ungeimwaga? Na mimi sikuimwaga. Hakimu alikuwa amejaa kupe masikioni na shingoni, nikampulizia yote, mwili mzima, mpaka manyoya yakalowa. Kipimo cha ng'ombe, Tata, kwa mbwa.

Sijamaliza kukoroga uji, nikamwona anatokwa na mate mpaka kifuani. Miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka. Akaja akijikokota hadi mlangoni, akaanguka, macho yananitazama mimi. Nilijua palepale ni mimi niliyemfanya vile.

Shangazi akaja mbio na kibuyu cha maziwa, maana kwetu aliyekula sumu hunyweshwa maziwa. Akapiga magoti, akaanza kuhangaika kumpanua mbwa mdomo uliokuwa umekaza. Mimi nikampigia simu Daktari Marwa, yule wa pikipiki aliyekuwa anatutibia mifugo. Naye yuko rashi. Simu ilipokelewa na mtu mwingine, akaniambia daktari yuko shimoni, nikamwambia basi mtoeni. Nikangoja huku nasikia makarasha yanasaga mawe. Alipotoka alikuwa anahema, akaniambia nimsomee jina la dawa, nikamsomea herufi moja moja, nikamweleza na ile mitetemeko na maziwa ya shangazi.

"Usimpe kitu mdomoni, hata maji," akasema. "Anavyotetemeka hivyo, maziwa yataingia kwenye mapafu. Muoshe kwa sabuni na maji mengi, sasa hivi, halafu umkimbize Tarime akachomwe sindano."

Shangazi alikuwa ameshainua kibuyu. Nilimwambia aache, hakunisikia, au hakutaka kunisikia. Nikamshika mkono. Tata, nilimshika dada yako mkono nikaubana, mimi ambaye sijawahi hata kumjibu akinigombeza. Maziwa yote yakamwagika chini.

"Umenishika mimi, Bhoke?" akaniuliza.

Nikavaa mifuko ya nailoni mikononi, nikaanza kumsugua Hakimu. Ndoo ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, maji ya nyumbani yakawa hakuna tena. Nikainua macho, nikamwona shangazi anapanda kutoka kisimani na ndoo kichwani, uso umenuna. Alimimina, akashuka tena. Alikwenda mara nne, na magoti yake unayajua.

Kijana wa bodaboda alikataa kupakia mbwa. Shangazi akamwambia kwamba siku alipozaliwa ni yeye aliyemkata kitovu, na kama anabisha waende wote wakamuulize mama yake. Tukamtia Hakimu kwenye gunia, kichwa nje, nikampakata njia nzima mpaka Nkende, pale Tarime mjini, kwenye duka la dawa za mifugo. Mtaalamu wa pale akamchoma sindano, akamtundikia dripu, akasema kama tusingemuosha tungefika na mzoga.

Saa kumi jioni Hakimu aliinua kichwa, akanilamba kiganja. Hapo nililia. Siku ya kukuzika sikulia, maana nilikuwa nahangaika kuazima masufuria ya kupikia watu, nikajiambia nitalia baadaye. Baadaye yenyewe ikawa hapo, kwenye benchi la dukani, na wateja walidhani namlilia mbwa tu.

Shangazi nimemwomba radhi. Amenisamehe, ingawa anatangaza kijiji kizima kwamba nilimpiga.

Kilichokuwa kimebaki kunitia wasiwasi ni sauti ya Hakimu. Siku nne hakubweka, watu wanapita karibu na uzio na yeye anawatazama tu. Leo asubuhi nikamsikia anabweka kwa hasira mpaka kuku wakatawanyika. Nikatoka na fimbo. Alikuwa Chacha, amerudi kutoka rashi, amekonda, vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Anamwita Hakimu kwa jina, na Hakimu hataki hata kumsikia. Chacha akaniomba nimshike mbwa. Mimi nikaingia ndani, nikatafuta kalamu, nikakaa kukuandikia, huku nasikiliza. Sijasikia kitu kitamu hivi tangu utuache.

Nakuahidi sitampulizia tena mnyama dawa bila kuuliza kwanza, na Chacha nitamfundisha kipimo mimi mwenyewe. Pumzika, Tata. Ngoja sasa nikamfungulie mwanao, bado yuko nje.

Bintiyo,
Bhoke