Nyuki wa Dirishani kwa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo, na paa la jikoni halivuji tena. Habari kubwa ni bustani ya Mama. Chini ya dirisha lake zimeota alizeti, na mrehani tumeuacha uchanue, maana nyuki wanaupenda mno. Tumewawekea na sahani ya maji yenye kokoto, wanywe bila kuzama. Kila asubuhi Mama anakaa pale akisikiliza. "Leo wamehamia kwenye mrehani," ananiambia, na nikichungulia nakuta kweli wamehamia.

Juzi nilimkuta sebuleni akimwagilia yale maua ya plastiki uliyomletea.

"Mama, hayo si ya kweli."

Akacheka mpaka akaketi. "Kumbe! Ndiyo maana nyuki wameyasusa!" Kisha akanishika mkono. "Usimwambie kaka yako. Atahangaika bure."

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto halioni tena. La kulia linaona kidogo kukiwa na mwanga wa kutosha, nalo daktari hakuahidi kwamba litadumu.

Mama hajui kama nakuandikia. Njoo alizeti zikiwa bado zimechanua. Najua mchezo wako wa kuingia kwa kunyata, kumziba macho kwa nyuma na kumuuliza, "Nani?" Safari hii usimzibe. Simama mbele yake, juani, akutazame mpaka ashibe.

Ni mimi,
kitindamimba wenu