Maji Kwenye Mlango wa Mama Achieng

Jumatatu, 7 Aprili

Nimezunguka nyumba kabla ya chai, kama kawaida. Bila mimi Dunga hii yote ingekuwa chini ya ziwa, na watu wanajua. Hata huu mlango wa kioo wa kuteleza ni kazi yangu. Ulitoka hoteli iliyobomolewa. Niliubeba mgongoni toka mjini, magari yakasimama kunipisha. Mama Achieng aliutaka ili aone ziwa akishona. Sasa yuko Nakuru kwa binti yetu Achieng, aliyejifungua. Kiti chake kiko pale pale kwenye kioo. Sikisogezi.

Mvua ya jana imeingiza maji sebuleni. Kidogo tu.

Jumanne, 8 Aprili

Si kidogo. Zulia limelowa lote.

Mama Achieng amepiga simu, anarudi Jumamosi. Nilifurahi nusu dakika. Kumbe Mama Pauline, jirani muuza dagaa wa omena, ameshamwambia habari ya maji. "Baba Achieng, kifua changu unakijua. Nikikuta unyevu, naenda kwa dada yangu kule Kombewa mpaka mvua iishe." Nikamwambia unyevu gani, hapa ni pakavu kama jangwa. Nilisema hivyo nimesimama ndani ya maji.

Jumatano, 9 Aprili

Adui yuko juu. Nimepaka gundi ya silikoni juu ya fremu, pembeni, kila mahali kioo kinapokutana na alumini. Mafundi wa mjini wangelia kwa wivu.

Saa kumi mvua. Maji yakaingia kama yamealikwa.

Jioni nimepakua ugali sahani mbili. Nikarudisha moja.

Alhamisi, 10 Aprili

Hakuna mvua. Nikanyesha mwenyewe. Nimepanda ngazi na jerikani, nikamwaga juu: ndani kukavu. Pembeni: kukavu. Nikamwaga chini, kwenye reli ambamo mlango huteleza. Maji yakasimama, yakajaa, yakamwagikia sebuleni.

Mama Pauline akapita na beseni kichwani. "Injinia! Umeanza kufuga samaki wa ngege humo?"

"Nenda zako, mama."

"Wakinona niite, nitakuuzia!" Akacheka mpaka barabarani.

Mimi sikucheka. Bwawa, kweli. Maji yanaingia kwenye reli na hayana pa kutokea.

Nikakumbuka vile vitobo.

Ijumaa, 11 Aprili

Chini ya fremu, upande wa nje, kulikuwa na vitobo. Niliviziba mimi, kwa silikoni, Mama Achieng alipokwisha kwenda. Wadudu wa ziwa walikuwa wanapitia humo kama moshi, asubuhi nawazoa kwa koleo. Nilidhani aliyetengeneza mlango alikosea. Kumbe aliyaachia maji njia yao.

Nimevichokonoa kwa waya wa mwavuli mpaka vidole vikatoka damu. Nje nimebandika vipande vya wavu wa dirisha. Maji yatoke, mdudu asiingie. Ulaya hawajafika hapo.

Zulia limeshinda juani. Bado linanuka. Akienda Kombewa sijui nitafanya nini. Nina hamu naye mpaka mlio wa cherehani nausikia kichwani. Nilikuwa naulalamikia.

Jumamosi, 12 Aprili

Amekuja. Hakunisalimu kwanza. Alivua viatu akaikanyaga sakafu kwa miguu mitupu, kona kwa kona. Akanusa zulia. Akanitazama.

Mvua ikashuka. Tulisimama wawili tukiangalia reli. Maji yalipanda kidogo, halafu yakatoka nje kwa vitobo, polepole, bila kelele. Sakafu kavu.

Akaketi kwenye kiti chake. Akafunua cherehani. Kombewa hakuitaja tena.

Halafu akaona rundo la wadudu waliokufa nje ya kioo. "Hawa hufuata taa, Baba Achieng. Taa ya nani?"

Nikasema mwaka huu wadudu wamezidi, ziwa zima linalalamika. Akaendelea kushona.

Taa ni yangu. Tangu aende nimelala ikiwaka mpaka asubuhi. Nyumba ikiwa haina yeye, naogopa giza.