Gunia Nane za Samadi

3 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Sisi huku wazima. Mke wangu bado yuko kiwandani anashona, na mimi nimepandishwa kuwa msimamizi wa mabanda mawili ya kuku. Mwanao siku hizi ni bosi, ingawa nanuka vilevile.

Lori la chakula cha mifugo litakuletea gunia nane za samadi. Imetoka bandani jana, bado ina moto. Tafadhali usiirundike nyuma ya choo miezi mitano ukiigeuzageuza kama mgonjwa wa kitandani. Hayo ni mambo ya zamani, Mama. Imwage moja kwa moja kwenye karoti na saladi, umwagilie. Baada ya wiki tatu utanishukuru.

Msalimie binti yangu, Mkaguzi. Mwambie baba anakuja mwezi wa nne, akifikisha miaka mitano.

Mwanao wa pekee

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika, mimi nimeacha kulisikiliza. Gunia zimefika. Jirani ameuliza kama nimefuga kuku au nimefuga harufu.

Nilisita, sikufichi. Marehemu baba yako hakukubali samadi mbichi iguse kitu cha kutafunwa kibichi. Alisema ipoe kwanza, iwe nyeusi, inuke udongo. Lakini wewe ndiye unayefanya kazi hiyo, na mimi ni nani wa kubishana na bosi? Nimemwaga kama ulivyoagiza.

Mkaguzi hajambo. Kila asubuhi anang'oa karoti moja kuona kama imekua, anaipangusia kwenye gauni, anaitafuna. Nikimkemea ananijibu kwamba yuko kazini.

Mama yako

4 Machi

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Mtoto anaharisha siku ya tatu, na tangu jana ni damu. Nilidhani ni tumbo la kawaida, nikampa maji ya chumvi na sukari. Sasa tuko hospitali, na hajakojoa tangu asubuhi. Dereva wa lori atakupa barua hii mkononi. Njooni wote wawili. Msingoje mshahara.

Mama

30 Machi

Mwanangu,

Natumaini mlifika salama. Najua mkeo hali chakula vizuri. Mbembeleze.

Mliondoka siku ya pili baada ya mazishi, hatukupata nafasi ya kuzungumza. Daktari aliniuliza mtoto alikula nini, nikamwambia. Alisema vijidudu vya samadi mbichi hubaki kwenye udongo na kwenye karoti, na kuipangusa au kuisuuza hakutoshi. Samadi inatakiwa ioze miezi kadhaa ndipo itumike. Akauliza ni nani aliyeamua kuimwaga vile. Mkeo alikuwa amesimama pale. Nikasema ni mimi.

Usimwambie vinginevyo. Mimi ni mzee, nalala peke yangu, chuki yake naweza kuibeba. Wewe unalala naye chumba kimoja. Kufiwa na mtoto kunatosha, usifiwe na ndoa pia.

Karoti zote na saladi nimezing'oa na kuzifukia. Kuuza mboga sokoni nimeacha.

Mama yako

19 Juni

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulize nini kuhusu hali yako wakati aliyeiharibu ni mimi.

Barua yako niliisoma chooni kazini, nikaichana. Nilikutii, Mama, na kukutii kulikuwa rahisi mno. Siku ya mazishi mke wangu alipokuita muuaji mbele ya watu, nilikuwa nimesimama katikati yenu, nikatazama viatu vyangu. Miezi mitatu amekuwa akikulaani mezani, na mimi namsogezea chumvi.

Jana alisema hata ukifa hatakanyaga kwako. Hapo nikashindwa. Nikamwambia gunia zilitoka kwangu, na maneno yalitoka kwangu, na wewe ulisita, ukaniamini mimi. Hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu, "Ukamwacha mama abebe?"

Asubuhi hii amefunga mizigo yake yote, na cherehani. Anakuja kwako, Mama. Barua hii anayo yeye, kwa hiyo ukiisoma ujue amesimama mlangoni. Mkaribishe ndani. Nilimwomba tuje pamoja, akaniambia niendelee na kuku wangu.

Mwanao