Usigawe Diski Inayolia

Baba Nekesa,

Printa yako bado iko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, halafu watoto. Watoto ni wazima. Mama Nekesa naye yuko, amekonda kidogo. Akija dukani kutoka Mutuini huketi kwenye kiti cha wateja. Chako hakuna anayekikalia. Nimekirundikia makaratasi ili kisionekane kitupu.

Tangu tukuzike, jengo hili la River Road limeanza kunitisha. Si mizimu, usicheke. Ni kompyuta. Alianza yule wa mihuri pale ngazini. Alifungua asubuhi, akakuta skrini nyekundu imemwandikia kwamba kazi zake zote zimefungwa, na ufunguo uko kwa watu asiowajua, wanaodai pesa. Baadaye wa kadi za harusi. Halafu wa vitabu vya shule. Ni korido moja, mlango kwa mlango, kama mtu anayepiga hodi bila haraka. Sisi tuko mwisho. Wote walikuwa na Windows ya zamani kama yetu, ile ambayo hata walioitengeneza waliacha kuitibu kitambo.

Na unajua kwa nini hatukuiondoa. Ile printa kubwa haisikii mfumo mwingine. Niliiunganisha na kompyuta mpya, ikawasha taa, ikanyamaza kama mkwe aliyekasirishwa. Bila Windows ile hakuna printa. Bila printa duka linafungwa, na mimi na Mama Nekesa tunarudi kila mtu kwao. Lakini siku hizi wateja hutuma kazi kwa simu, kwa hiyo intaneti lazima. Nikaamua kompyuta iwe na mifumo miwili: Linux ya kuingia intaneti, na ile ya zamani ya kuongea na printa tu. Ikabaki kuchagua njia.

Mutiso, jirani yetu fundi wa simu, alinijibu kabla sijamaliza kuuliza. "Gawa diski mara mbili, mfumo mmoja huku, mwingine kule. Kwani unaogopa nini? Hiyo unamaliza chai ikiwa bado moto!" Mutiso hajawahi kupoteza kitu chake. Hupoteza vya wateja.

Nikachukua bisibisi, ncha kwenye diski, mpini sikioni, vile ulivyonifundisha. Tk. Kimya. Tk, tk. Nikakusikia kabisa: "Mueni, usigawe diski inayolia. Nakili kwanza, tena polepole." Unakumbuka Kenyatta Market? Uliniambia hivyo ukiwa umeinamia kompyuta ya yule mama wa saluni, nyama yetu inapoa, na mhudumu akauliza kama mzee anapima mashine presha. Ukamwambia, "Ndiyo, na wewe ndiye unafuata." Akatuhamishia meza ya mbali na dirisha, wapita njia wasituone.

Kwa hiyo kugawa hapana. Nikajaribu kuweka Windows ya zamani ndani ya Linux, kompyuta ndani ya kompyuta. Ilifunguka vizuri, imejikunja kwenye dirisha lake kama mtoto ndani ya shuka. Printa haikuiona. Ule waya wake mnene hauongei na kompyuta ya kufikirika. Ikabaki njia moja: diski mbili mpya, kila mfumo na yake, unachagua mashine inapowaka, na ile ya zamani isiguse intaneti kamwe. Ila kwanza ile inayolia ikubali kunakiliwa.

Wiki hiyo hiyo Mama Nekesa akaja kuagiza kijitabu cha kumbukumbu yako. "Safari hii kichapwe na mashine yake," akasema. "Sitaki yale ya mazishi."

Sijui kama uliyasikia yale ya mazishi. Mimi sikuweza kukaa mbele ya printa siku zile. Tukapeleka kazi kwingine. Fundi akachukua kijitabu cha marehemu wa jana yake, akabadilisha jina na picha, kama tunavyofanya sote, akasahau ukurasa mmoja. Kule Bungoma pasta akasoma kwamba ulikuwa nguzo ya kina mama kanisani, na kwamba umemwacha mume mwenye huzuni. Watu wakaitikia amina. Kwani si imechapwa?

Nilinakili mchana, Mama Nekesa ameketi palepale pa wateja. Diski ililia njia nzima. Karibu na mwisho mstari wa kunakili kwenye skrini ukasimama, na sauti ikawa ya kukwaruza, kama mtu anayetafuta kitu kwenye droo gizani. Nikanyoosha mkono nizime. "Iache," akasema Mama Nekesa. "Iache imalize yenyewe."

Ikamaliza.

Diski mpya ikawaka, printa ikaamka. Uso wako ukatoka pole pole kuanzia kipajini. Mama Nekesa aligeukia ukuta mpaka ulipofika kidevuni. Kisha akakunja kijitabu kimoja, akakitia ndani ya blauzi.

Kesho yake niliiwasha diski ya zamani, kwa udadisi tu. Haikulia. Haikufanya chochote. Sasa hii nakala iko peke yake, hakuna kitu nyuma yake. Ya pili nilipanga kuifanya leo.

Lakini leo Mutiso amefungua duka lake akakuta nyekundu. Kwanza alicheka. Sasa yuko nje ya mlango wetu na flashi iliyotoka kwenye mashine ile ile yenye ugonjwa. "Mueni, dada yangu, fungua. Ukurasa mmoja tu wa kupeleka polisi. Flashi ni safi, haki ya Mungu." Kisha, kwa sauti nyingine: "Wewe na marehemu wako mna roho mbaya." Nimefunga kwa ndani ndipo nikaanza kukuandikia. Ameacha kuongea. Kivuli chake bado kiko chini ya mlango.

Nakuahidi hivi. Hakuna flashi ya mtu itakayoingia kwenye mashine yako, iwe ya jirani, ya ndugu au ya pasta. Akiondoka nafanya nakala ya pili. Asipoondoka, naifanya yeye akiwa amesimama hapo hapo.

Pumzika, Baba Nekesa. Amegusa kitasa. Sifungui.

Mueni