Nilimwita Fundi Mwizi Mbele ya Wazazi, Sasa Chumba cha Kompyuta Kitafungwa

Mpendwa Mshauri,

Kwa unyenyekevu mkubwa ninaomba msaada wako, tena ninaomba unijibu mapema iwezekanavyo, kwa kuwa bodi ya shule yetu itakutana mara tu baada ya likizo ya Pasaka, na mimi hapa nilipo nina funguo za chumba cha kompyuta mfukoni na wazo ambalo sijui kama ni la kishujaa au la kipumbavu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Uwemba, wa kwanza katika ukoo wetu kuhitimu Chuo Kikuu, ambako nilitunukiwa Shahada ya Sayansi ya Kompyuta, na ingawa wenzangu niliohitimu nao wameajiriwa na makampuni ya simu huko Dar es Salaam na hunipigia kuniuliza kama huku tumekwisha kupata umeme, niliona ni wajibu wangu kurudi nyumbani, na sasa ninafundisha katika shule ya sekondari inayoendeshwa na wazazi pamoja na parokia, si mbali na mji wa Njombe, ambayo sitaitaja, na majina ya watu wote nimeyabadilisha kwa heshima yao.

Shule yetu ina kompyuta nane zilizokwisha kutumika, tulizopewa na marafiki wa parokia walio ng'ambo, ambazo zilifika Makambako kwa treni, na hapo fundi mmoja nitakayemwita Dulla, mwenye duka la kuchapa barua na kutengeneza kompyuta, alizipakia kwenye pikapu ya kaka yake akazileta hadi shuleni bila kudai chochote, akazifunga, akaziwekea programu alizokopi bila leseni kama wafanyavyo mafundi wengi, na tangu siku hiyo virusi havijatuacha, kwani fundi huja, husafisha, hula ugali na walimu, huondoka, na kabla ya mwezi kwisha mashine huanza tena kuzimika zenyewe katikati ya somo.

Mimi nilirudi na dawa, Mshauri. Nilirudi na diski za programu huria, yaani programu ambazo waliozitunga wameruhusu mtu yeyote azitumie, azikopi, ampe jirani, hata azifungue ndani na kuzirekebisha, na ambazo hazisumbuliwi sana na virusi, hukubali kufanya kazi katika mashine kuukuu kama zetu, na nyingine zimeanza kutafsiriwa kwa Kiswahili. Basi nikaomba nafasi katika kikao cha wazazi, nikaandaa hotuba ambayo kwa kweli niliamini ingekumbukwa, na imekumbukwa, ila si kwa namna niliyotarajia.

Nilianza kwa kusema, "Waheshimiwa wazazi, tarakilishi hizi..." Sauti ikatoka nyuma: "Tarakili nini?" Mkuu wa Shule, Sista Oliva, akanisaidia kwa upole, "Kompyuta, ndugu zangu, anasema kompyuta." Nilipofika kwenye neno programu huria, mwenyekiti wa bodi, Mzee Laurenti, ambaye ni mkulima wa viazi na mtu anayesikilizwa sana, aliinua mkono.

"Mwalimu, hiyo huria yako ni ndugu yake na soko huria? Maana lile lilipokuja liliondoka na mbolea yetu ya ruzuku. Hii itaondoka na nini?"

Watu walicheka. Nikaeleza kwamba hii haiondoki na kitu, kwamba ni ya bure kabisa.

"Ya bure!" akasema. "Parokia ilipewa jokofu la bure. Njombe hii ya baridi, mwanangu, jokofu! Haya, niambie, mwenyewe ni nani? Ikiharibika tumshike nani shati?"

Nikajibu, na nilidhani nimejibu vizuri sana, kwamba mwenyewe ni jumuiya ya watunzi wa programu wa dunia nzima.

"Basi tupe sanduku lake la posta," akasema Mzee Laurenti, na ukumbi ukaangua kicheko ambacho nilikisikia hadi kwenye mifupa.

Hapo ndipo nilipoteleza. Kwa hasira nilisema, "Heri hizi zisizo na mwenyewe kuliko mlizo nazo, ambazo ni mali ya wizi!" Sikukumbuka kwamba Dulla alikuwamo ukumbini, amealikwa na Sista, ameketi karibu na mlango na kofia yake mapajani. Alisimama taratibu. "Mwalimu, mimi nimekuibia nini?" Akamgeukia Sista, "Asante kwa mwaliko, Sista. Mashine zenu hizo, na mtaalamu wenu huyo." Akaondoka bila hata kunywa chai iliyokuwa imekwisha kumiminwa, na hapa kwetu unajua uzito wa mgeni kuiacha chai mezani.

Tangu siku hiyo hakurudi. Kompyuta tano hazifunguki tena, na Mzee Laurenti amependekeza kwamba chumba kifungwe na kigeuzwe ghala la mahindi ya wanafunzi, jambo ambalo bodi italiamua katika kikao hicho kijacho, na wanafunzi wa Kidato cha Tatu, waliokwisha kujifunza kuandika barua na kutengeneza majedwali, wataishia hapo, na msichana mmoja aliponiuliza, "Mwalimu, tutamalizia kusoma kompyuta ubaoni?" sikuweza kumtazama usoni.

Naomba nikueleze na jambo la pili. Jumamosi moja niliingia ofisini nikaibadilisha mashine ya karani wetu, Bi Tabea, nikaiwekea programu huria bila kumwambia, nikitumaini kwamba ataona ubora wake mwenyewe. Jumatatu aliniita. "Mwalimu, ukiingia jikoni kwa mwenye nyumba ukamhamishia vyungu bila hodi, hata kama umevipanga vizuri, atakushukuru?" Niliahidi kuirudisha kama ilivyokuwa, nikairudisha jioni ileile, lakini siku ile nzima alichapa mitihani, na jioni aliponipa kiti chake alisema, huku amekunja uso kama aliyetukanwa, "Leo haijazimika hata mara moja." Hakunisemea kwa Sista.

Sasa Sista Oliva ameniambia, "Mwanangu, nenda Makambako ukamwombe radhi Dulla." Lakini, Mshauri, nikimwomba radhi si nitakuwa nimekiri kwamba kukopi programu za watu bila ruhusa ni sawa, na nitasimamaje tena mbele ya bodi kutetea jambo ninaloliamini? Kwa upande mwingine, funguo ninazo, likizo inaanza, na nina uwezo wa kuzibadilisha kompyuta zote nane kabla mtu hajarudi, ili bodi itakapokutana izikute hai, na mashine zijisemee zenyewe. Wenzangu wa Dar es Salaam wananishauri nifanye hivyo, kwamba aliyesoma haombi kibali kwa asiyesoma. Moyo wangu umegawanyika. Je, nifanye kimya kimya, au nikapige magoti Makambako na kupoteza msimamo wangu?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu Kijana, Uwemba.

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu Kijana, pole, tena hongera. Pole kwa kuchekwa, hongera kwa kurudi nyumbani na kitu mkononi. Wengi husoma wakasahau njia ya kwao, na mimi ninayejua baridi ya huko asubuhi natambua kwamba hukurudi kwa starehe.

Nimeshakupongeza, sasa nisikilize. Unyenyekevu umeuandika katika mstari wako wa kwanza. Baada ya hapo nimeutafuta barua nzima sikuuona. Wazazi hawakuelewa, mwenyekiti alikejeli, fundi alikasirika, karani alikunja uso. Wewe tu ndiye uliyekuwa sahihi. Mtu anayekuwa sahihi peke yake mara nyingi hivyo, mwanangu, ajichunguze namna anavyoongea.

Tuanze na funguo. Zirudishe kwa Sista leo hii. Umeniambia kwa ufasaha kwamba uzuri wa programu hizo ni ruhusa: aliyetunga ameruhusu, kwa hiyo anayekopi hajifichi. Sasa kitu kilichojengwa juu ya ruhusa unataka kukiingiza shuleni bila ruhusa? Ukifanya hivyo, tofauti kati yako na unayemlaumu ni ipi? Tena, siku mashine moja itakapogoma, nao mtambo hugoma hata uwe mzuri namna gani, hakuna atakayesema imeharibika. Watasema mwalimu aliingia likizoni akaziharibu. Na hao marafiki zako wa Dar es Salaam wanaosema msomi haombi kibali, waulize kama makampuni yao ya simu yanawaruhusu kubadilisha mitambo bila kumwambia bosi.

Mzee Laurenti naye umemwelewa vibaya. Umesikia kejeli, hukusikia swali. Mkulima aliyeuziwa mbegu feki dukani, akarudi akakuta duka limehama, ana haki ya kuuliza atamshika nani. Wewe ukamjibu dunia nzima. Dunia nzima haipandi basi kuja Uwemba kufufua kompyuta! Mpe mtu mwenye uso, anayejulikana anakoishi. Na usimwambie ni ya bure, maana bure anaijua na imemchosha. Mwambie ni kama mgowe wa kwenu, ile kazi ya kulimiana kwa zamu. Mzee huyo amelimiwa shamba na majirani na yeye akawalimia ya kwao. Hakuna anayeumiliki mgowe, hakuna aliyewahi kuuliza uko wapi mkataba wake, na bado kazi hufanyika kwa sababu kila mtu anajua zamu yake na anajua jirani wa kumgongea mlango. Watu waliotunga programu hizo wanalimiana. Kwa maneno hayo angekuelewa kabla chai haijapoa, na usingehitaji tarakilishi.

Lakini mlango wa jambo lako lote ni Dulla.

Unaogopa kwamba ukimwomba radhi utapoteza msimamo. Umechanganya mambo mawili. Kwamba kutumia programu za watu bila leseni si halali, hilo libaki palepale, wala usilikane. Kwamba ulimvua nguo mbele ya wazazi mtu aliyeleta mashine zenu kwa gari la nduguye na kuwapa alichokuwa nacho, hilo ndilo kosa, na linaombewa radhi. Nenda Makambako mwenyewe. Usiende Ijumaa mchana, utamkuta anatoka msikitini na mawazo yake ni mengine. Nenda Jumamosi asubuhi. Usianze na diski. Msalimie, ulizia watoto, akikupa chai, kunywa. Kisha sema, "Kaka Dulla, nilikuaibisha mbele za watu na nimekuja kukuomba radhi." Nukta. Usiweke "lakini" baada ya hapo, nakujua.

Na kwa kuwa kosa ulilifanya hadharani, radhi ya dukani ni nusu tu. Mwombe aje kwenye kikao cha bodi, na Sista awaalike wazazi, uirudie mbele ya walewale waliosikia ukimtukana.

Akishatulia, ndipo umwonyeshe diski zako, na hapa fungua macho uone jambo ambalo elimu yako haikukuonyesha. Kazi ya mtu huyu ni kukopi na kugawa. Ndiyo biashara yake, ndiyo mkono wake, na amekuwa akiifanya kwa kuchungulia mlangoni asije akaingia mkaguzi. Wewe una programu ambazo kukopi na kugawa ndiko hasa kunakotakiwa! Ulikwenda kumpiga vita mtu pekee kati ya Makambako na Njombe ambaye angeweza kuzifikisha katika kila shule. Mfundishe kuziweka na kuzitunza. Shule itamlipa ufundi wake, kama ilivyo haki, na Mzee Laurenti atakapouliza tena nani wa kumshika, patakuwa na watu wawili wamesimama: fundi na mwalimu, wote wenye nyumba zinazojulikana.

Usiende kwa bodi kuomba kompyuta nane. Wapi huko kwenu mtu anapanda shamba zima mbegu asiyoijua? Mwombe Sista moja kati ya zile tano zilizokufa, ambayo hakuna anayeitegemea, uifufue kabla ya kikao, mchana kweupe, yeye akiwapo. Nyingine zifuate muhula ukiendelea, kila moja ikishaonekana inafanya kazi. Na eleza mapema yatakayowasumbua: pengine printa itakataa mwanzoni, pengine nyaraka za zamani zitafunguka mistari ikiwa imepinda. Ukiyasema wewe kwanza, utaaminika. Wakiyagundua wao, utaitwa tapeli.

Sasa Bi Tabea. Nimemsoma mama huyu mara mbili. Alikukemea, na hakukusemea. Mtu wa namna hiyo ni hazina, nawe umepita pembeni yake kama anayepita nguzo ya umeme. Nenda ofisini kwake, piga hodi hata kama mlango uko wazi, umwombe msamaha kwa kuingilia kazi yake, kisha muulize kama angependa kujaribu tena kwenye mashine hiyo itakayofufuliwa, na vitu vikae anavyotaka yeye. Akisema hapana, ondoka kwa adabu. Nadhani hatasema hapana. Siku nzima bila mashine kuzimika, karani haisahau.

Hotuba uliyoiandaa, ihifadhi. Siku ya kikao, mwombe mwenyekiti nafasi fupi. Simama, mwombe radhi Dulla kwa jina lake. Kisha kaa chini. Mwachie Bi Tabea achape mtihani mbele ya wazazi, taratibu, kwa vidole vyake mwenyewe, na Dulla aeleze akiulizwa. Wakikugeukia wewe kwa swali, jibu kwa sentensi moja na kwa Kiswahili cha nyumbani kwenu. Bodi inayomwona karani wake anafanya kazi bila kuhangaika haitakuwa na haraka ya kuweka mahindi mle ndani, na yule msichana wa Kidato cha Tatu atarudi kwenye kiti chake.

Mabasi ya Makambako huondoka alfajiri. Vaa koti.