Kabati Lililogoma Kutoka

3 Februari

Shemeji Randa,

Salamu, na afya ikufuate hadi karakanani. Mimi mzima, nanenepa. Tangu unifukuze eti sijui hata kushika msumari, nimefungua duka langu la samani. Mwenzangu ni dalali wa viwanja, mwongeaji kama mimi. Wiki moja, oda kumi na nne! Wewe je, umeuza hata stuli? Na huo uso wa kununa, nani atathubutu kuingia?

Shemeji yako anayeijua dunia,
Mdomo

20 Februari

Shemeji Mdomo,

Hatujambo. Dada yako anakusalimu, mimi ananilazimisha. Oda kumi na nne, na nani anaunda? Utawakalisha watu juu ya porojo? Mimi nimepata fundi mwenzangu, mkimya kama mimi. Tunashinda kutwa bila neno. Raha tupu. Tunaunda kabati la daktari, milango sita. Usiniandikie tena.

Randa, mume wa dada yako

11 Mei

Shemeji,

Natumaini u mzima. Kabati limekwisha. Zuri mno. Halipiti mlangoni; kina chake futi tatu.

Tumelipiga gundi lote, halifunguki vipande. Zamani wewe ndiye uliyeuliza upana wa milango. Nilidhani unapiga domo tu. Mwenzangu aliliona tatizo tangu mwezi uliopita. Alidhani nina mpango, akanyamaza.

Daktari analifuata Jumamosi. Likibaki humu, jina langu limekwisha. Tunataka kuvunja ukuta.

Shemeji yako

12 Mei

Shemeji Randa, bingwa wa mabingwa,

Hali yangu njema, ila mbavu zinauma kwa kicheko. Mafundi wawili, macho manne, mlango hamkuuona!

Ukuta usiuguse, mbumbumbu wewe. Ng'oa dirisha la barabarani pamoja na fremu yake. Nililipima siku zile ulizonitukana kwamba nashinda nimesimama dirishani kama pazia. Kabati litapita, na nafasi ya vidole viwili itabaki. Daktari niachie, atatoka hapo akijisifu kwamba kabati lake lilipitia dirishani.

Wala usicheke. Stuli yetu ya kwanza mteja aliikalia, tukamwokota. Dalali karudi kwenye viwanja vyake. Wateja kumi wamekimbia; wanne nimewashika kwa maneno, nao maneno yananiishia.

Jumamosi saa mbili asubuhi nakuja na hao wanne, uwaundie oda zao. Wewe shika randa, usiseme neno hata moja. Hiyo kazi ina mwenyewe.

Shemeji yako,
Mdomo