Kiganja cha Mchungaji Kinyozi

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotuacha, na kiti chako cha kunyolea hakijapoa. Watu bado wanakuja. Ndiyo shida yenyewe.

Tunakukumbuka Jumapili, shati limefungwa hadi kifungo cha koo, ukihubiri mpaka watoto wanasinzia. Kanisani kwako hapakuwa na ngoma wala makofi, na mwanamke hakupanda madhabahuni. Hukulegeza kitu. Tunakukumbuka pia Jumatatu, umevaa koti jeupe la kinyozi, mashine mkononi, ukimuuliza mlinzi wa baa hali ya mama yake. Wazee wa kanisa walikuita zaidi ya mara moja. Walisema haifai mchungaji kushinda barabarani akinyoa walevi. Uliwajibu kwa upole kwamba watu hao hawaji kanisani, lakini nywele zao zinaota.

Saluni yako nayo ilikuwa na sheria zake. Matusi marufuku. Kijana akitaka kuchorwa nyota kisogoni, ulimwambia kichwa si ukuta. Jumapili hukunyoa mtu, hata yule bwana harusi aliyegonga mlango asubuhi na mapema, ndevu zimemjaa. Ulimwombea, ukamwazima wembe. Akaenda kuoa na plasta shavuni.

Mahubiri dukani hukutoa. Ukimaliza kunyoa ulipangusa shingo kwa brashi, ukaweka kiganja utosini mwa mteja, ukanyamaza kidogo. Kisha: haya, nenda salama. Basi. Yule dereva wa lori, asiyeamini lolote, alikuwa akituambia nywele anaweza kunyoa popote. Kwako anafuata kile kiganja.

Mimi binti yako ulinifundisha kazi. Ulinifundisha kuvuta ngozi kabla ya kupitisha wembe, na kunyamaza mteja akilia. La kiganja hukunifundisha. Ulikuwa umeshasema mbele ya kanisa zima kwamba kuwekea watu mikono si kazi ya mwanamke, nami nilikaa benchi la mbele nikaitikia amina.

Sasa namaliza kunyoa, napangusa shingo, natoa shuka, na mteja hainuki. Anainamisha kichwa. Namwambia tayari. Ananijibu, najua. Mwaka mzima nimekuwa nikijifanya natafuta poda.

Nina hasira nawe kidogo, Baba. Uliniachia kiti, ukaniachia na katazo, ukaondoka bila kusema nifanye nini na watu hawa. Mimi si mwasi. Uliyoyaamini nayaamini, ndiyo maana usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Juma lililopita alikuja yule dereva wa lori. Alikuwa ametoka kumzika mkewe. Nikamnyoa, nikatoa shuka, akabaki ameinama. Nikageukia rafu ya poda. Mama alikuwa kwenye benchi akikunja taulo, Mama huyu huyu ambaye hakuwahi kukupinga hata siku moja mbele za watu. Akasema bila kuinua macho: "Mwanangu, kichwa chake umekishika tangu alipokaa. Sasa ndiyo unaogopa kukishika?"

Nikaweka kiganja. Maneno sikuwa nayo. Wewe hukuomba kwa sauti, na hata Mama hajui ulikuwa ukisema nini pale. Kisha nikamwambia, haya, nenda salama. Akaenda.

Ungedhani nimetulia. Wapi. Nafagia nywele huku nabishana nawe, na kila mara unanishinda kwa maandiko, nami sina jibu ila yule mtu aliyeinama. Kama nimekosea, utaniambia tukionana, na nitasikiliza. Lakini kesho nafungua mlango, na najua watakaa, na najua watainama.

Wanaokukumbuka ni mkeo, anayekunja taulo zako kwa ule mkunjo ulioutaka, mimi binti yako kinyozi, kaka zangu wawili, ambao mpaka leo hawaelewani kama nilifanya sawa, wajukuu zako, dada yako, wazee wa kanisa, uliowachosha, na wateja wako wote.

Moyoni mwetu hutoki, Baba. Wala kitini.